Minyaa Ndani ya Ngitili

Majuzi nilikuwa Bariadi kwenye harusi ya binamu yangu, na tulipotoka kanisani tukapelekwa kupiga picha kwenye ule msitu ulio pembeni mwa mji, ambao siku hizi unaitwa bustani. Kuna mabenchi ya zege, kuna geti, kuna mlinzi mwenye filimbi. Bibi harusi alikuwa amekunja gauni lisiguse vumbi, mpiga picha anapanga watu kwa urefu, na mimi nimesimama nyuma ya kundi nikinusa. Majani makavu yaliyokua tangu masika bila kuguswa na mdomo wa ng'ombe yana harufu yake, tamu kidogo, ya vumbi vumbi, inayokaa kooni. Nilishindwa kutabasamu. Picha nimeletewa, katika zote natazama pembeni kama mtu anayemvizia mwizi.

Pale getini wameweka ubao wa historia, mistari mitano tu: kwamba msitu huu ulitunzwa na wananchi kwa moyo mmoja, na kwamba ni urithi wa mji. Niliusoma mara mbili. Mimi ni mtu wa kushuku, wanaonijua wanajua. Nashuku mizani ya sokoni, nashuku mgeni anayesalimia kupita kiasi, nashuku hata simu inayoita mara moja ikakatika. Lakini hilo la moyo mmoja lilinichekesha zaidi ya kunitia shaka, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa darasa la nne, nikiishi kwa Bibi yangu mzaa baba, na nyumba yetu ilikuwa upande wa pili wa njia kutoka pale penye geti leo.

Kwanza kabisa haukuwa msitu. Zamani, kabla serikali haijawakusanya watu kwenye vijiji, palikuwa na kaya zilizotawanyika, kila moja na zizi lake na uzio wake wa minyaa, ule mmea wa utomvu mweupe unaochoma macho. Watu walipohamishwa, nyumba zikaanguka na mvua, minyaa ikakatwa na kuoza, migunga ikaota mpaka juu ya vizingiti. Kijiji kipya kilichoanzishwa pembeni kilijaa watu waliotoka pande nyingine, na wao walipolitazama eneo lile hawakuona makazi ya mtu, waliona majani mazuri. Wakakubaliana pawe ngitili.

Wenzangu mliokulia huku hamhitaji kuambiwa ngitili ni nini, ila wadogo zetu wanaosoma mijini nawasikia wakiuliza. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Haiingii kwato, halikatwi jani wala tawi, mpaka kiangazi kikali, wakati kwingine kote pamebaki udongo mtupu. Hapo ndipo inafunguliwa, na ng'ombe wa kila kaya wanaingia kwa zamu. Katikati ya mwaka wanawake waliruhusiwa siku moja kwa juma kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Aliyevunja masharti aliitwa mbele ya dagashida, yaani mkutano wa kijiji kizima, na adhabu ya mwisho kabisa ilikuwa kutengwa. Ukitengwa husalimiwi, hupewi moto, huchoti maji wenzako wakiwepo, na ukifiwa unazika mwenyewe. Ni adhabu isiyokuwa na fimbo hata moja, na watu wazima waliiogopa kuliko jela.

Ulipofika mwaka mji wetu ulipofanywa makao makuu ya mkoa, zikaanza habari za wapima ardhi. Ilisemwa wanakuja na chombo cha miguu mitatu, na kwamba kila watakachokikuta kimezungushiwa kitaandikwa kwa jina la aliyezungushia. Kwetu kipande cha mnyaa kikichomekwa ardhini kinasema neno moja tu: hapa ni kwangu. Basi minyaa ikaanza kuota mahali ambapo jana haikuwepo. Ndugu waligombana. Mtu na jirani yake waliokula pamoja miaka ishirini walianza kupimiana kiwanja kwa hatua, kila mmoja akimwambia mwenzake ana miguu mifupi kwa makusudi.

Mkuu wa walinzi wa ngitili alikuwa Mzee Jilala, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusikiliza huku amefumba macho. Aliita dagashida akasema maneno ambayo hata sisi watoto tuliyaelewa. Wapimaji wakikuta ngitili ni nzima, ina mpaka mmoja, itaandikwa msitu wa kijiji. Wakikuta ndani kuna uzio hata wa mtu mmoja, watahesabu ni mashamba, watakata viwanja, na kiangazi kijacho ng'ombe wetu watakula nini. Kwa hiyo asichomeke mtu mnyaa mle ndani, awe nani. Wiki hiyohiyo bwana mmoja alikuja na madai kwamba ana kaburi la babu yake katikati ya ngitili, akaonyesha rundo la mawe. Walifukua wakakuta udongo ambao haujawahi kuguswa. Tangu hapo ikawa sheria: atakayesema ana kaburi, tunafukua tuone.

Bibi yangu aliitwa Minza. Alikuwa na ng'ombe watatu, shamba dogo la pamba, na rafiki mmoja tu wa kweli, Mayu Holo, mayu kwa Kisukuma ni mama, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hawa wawili walikuwa pekee katika kijiji kile waliotoka kwenye zile kaya za zamani. Walikuwa wakikaa jioni wakichambua mboga bila kuongea, na mimi nilidhani wamegombana, kumbe walikuwa wameshamaliza kusemezana yote.

Nilianza kumshuku Bibi kwa sababu ya kuni. Siku ya kuokota kuni wenzake walirudi na mizigo ya kuvunja shingo, yeye anarudi na vijiti vya kuchemshia chai. Kisha nikaona mikono yake ina utomvu mweupe uliokauka katikati ya vidole, na jicho moja jekundu, linatoa machozi. Kila mtoto wa kwetu anajua kitu kinachofanya jicho liwe vile. Nilimuuliza.

"Bibi, jicho limefanya nini?"

"Vumbi."

"Na mikono?"

"Unaniuliza kama polisi, Kabula. Kalete maji."

Juma lililofuata nilitoroka shule kipindi cha mwisho nikamfuata. Alitembea mbele, kanga imefungwa kiunoni imebeba kitu, na mimi nikitembea nyuma yake mbali kidogo, nikikanyaga pale alipokanyaga yeye. Aliwapita wanawake wengine, akaingia ndani kabisa penye migunga minene. Akapiga magoti. Akafungua kanga, akatoa vipande vya minyaa, akaanza kuchomeka kimoja kimoja kwa mstari, akipima kwa kiganja. Kulikuwa na pande tatu zimekamilika tayari, na sasa alikuwa anafunga ya nne. Kilikuwa kiuzio kidogo sana, kisichotosha hata kulaza ndama. Na alikuwa akiongea. Polepole, Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeongea na watu walio karibu. Sikuona mtu. Nikasikia jina langu.

Mtu mzima angejiuliza mengi. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Bibi anaiba ngitili. Ameanza na kidogo ili isionekane, ataendelea kusogeza kila juma, ana mwenzake aliyejificha vichakani wanagawana, na kipande kimoja wanakiandika kwa jina langu ili tukikamatwa niwe mwizi pamoja nao. Nilikimbia mpaka nyumbani. Usiniulize kwa nini mtoto aliyelelewa na mkono ule, aliyelala kitanda kimoja naye, hakufikiria jambo jema hata moja. Kijiji kizima kilikuwa hakifikirii jema hata moja, na mimi nilikuwa mtoto wa kijiji.

Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano Mzee Jilala alinikuta kisimani akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za baba na mama waliokuwa Migato wakilima, akafumba macho yake kusikiliza. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisikiliza hivyo. Ningependa kusema niliogopa ng'ombe wetu wangekufa njaa, na ni kweli niliogopa. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka kuwa mtu anayejua kitu. Nikasema. Alifumbua macho akaniambia niende nyumbani na nisimwambie mtu kwamba nimemwambia.

Dagashida ilikaa siku ya pili. Sisi watoto tulisimama nyuma.

"Mayu Minza," Mzee Jilala alisema, "kuna minyaa ndani ya ngitili. Ni wewe uliyeichomeka?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nina watu wangu pale."

Watu waliguna. Mmoja akacheka, akasema siku hizi kila mwenye kanga ana kaburi.

"Watu gani?" akauliza Mzee Jilala.

"Watoto wangu. Nyumba yangu ilikuwa pale kabla hatujahamishwa. Nimewazungushia ili watakaokuja kupima wasiwapitishie barabara juu."

"Nani anaweza kukushuhudia?"

Bibi hakutaja mtu. Alitazama upande walipokaa wanawake, na Mayu Holo alikuwa ameinamisha kichwa anachora ardhini kwa kijiti. Mzee Jilala alisubiri, kisha akasema, bila ukali, "Basi sheria unaijua. Twende tukafukue. Tukiwakuta, tutakuomba radhi wote na minyaa yako itabaki."

"Hapana."

"Ukikataa watu watasema hakuna kitu."

"Waseme. Sitawafukua wanangu ili ninyi mniamini."

Akatengwa. Walimwambia itaisha siku yoyote atakayotaka: akubali wafukue, au akiri kwamba alisema uongo. Walinzi wakaenda kung'oa ile minyaa mchana uleule, na Bibi alikwenda akasimama kando, akaangalia mpaka kipande cha mwisho, akarudi kupika.

Nilidhani itakuwa juma moja. Ilikuwa miezi. Pamba ilipasuka, ikavunwa, na hakuna aliyekuja kutusaidia kuvuna. Kisimani tulisubiri kwenye jua mpaka wote waondoke. Moto ukizimika tulitembea mpaka mjini kutafuta kiberiti dukani kwa mtu asiyetujua. Shuleni dawati langu lilibaki la peke yangu. Bibi alipopita njiani watu walikatisha maneno, na yeye alikuwa amezoea kusalimia kila kiumbe, kwa hiyo mara nyingi lilimtoka kabla hajakumbuka, "Mwadila," na likabaki hewani bila wa kulipokea. Hilo liliniumiza kuliko njaa. Nililia chooni ili asinione.

Hakunishuku hata mara moja, na hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Alikuwa na mshukiwa wake.

"Ni Holo," aliniambia jioni moja. "Hakuna mwingine duniani anayejua pale palikuwa kwangu. Tulikuwa majirani. Alipajua, akapasema, na siku ya mkutano akashindwa kunitazama."

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiosha mara mbili. Mayu Holo alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu kila siku akipunguza mwendo, na Bibi akiona hivyo anageuka kuangalia ukuta. Ningeweza kusema wakati wowote. Sikusema.

Kiangazi kilipoanza kuuma alinichukua Jumapili moja akanipeleka pale, kwa sababu alisema akifa lazima abaki mtu anayepajua. Hapakuwa na kitu. Matundu madogo ilipong'olewa minyaa, basi. Akaniambia walikuwa pacha, wavulana, Kulwa na Doto. Surua iliwachukua ndani ya juma moja, na mwaka uliofuata akazaliwa baba yangu, na miaka michache baadaye wakahamishwa.

"Siku ile ya minyaa nilikuwa nawaambia habari zako," alisema. "Kwamba mdogo wao ana mtoto, anaitwa Kabula, anasoma. Nikiwa naongea nilisikia majani yanakanyagwa nikadhani ni paa."

Nilimwambia nataka kwenda nyumbani.

Wapima ardhi walikuja siku chache kabla ya ngitili kufunguliwa. Kijiji chote kilijipanga njiani, na Bibi alisimama peke yake, hatua kama thelathini kutoka kwa watu. Mpimaji mkuu alikuwa kijana mwenye buti, mchovu, si mtu wa huku. Kabla ya kusimamisha chombo chake alifungua daftari akamuuliza Mzee Jilala, kwa sauti ya kusikika na wote, kama ndani kuna nyumba, shamba, kisima au kaburi.

"Hakuna," Mzee Jilala alijibu.

Sijui nilipata wapi miguu. Nilitoka kwenye mstari wa watoto nikasema kaburi lipo.

"La nani?" mpimaji akauliza.

Nilitaka kueleza vizuri, lakini nilichoweza kusema ni hiki: "Baba yangu anaitwa Shija."

Yule kijana hakuelewa, alibaki ameshika kalamu. Lakini kila Msukuma aliyesimama pale alielewa. Shija ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya pacha. Baba yangu wote walimwita kwa jina la ubatizo, Petro; hilo jingine alilitumia Bibi peke yake, na katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kuuliza mtoto pekee wa Minza alizaliwa akimfuata nani.

"Majina hurithiwa," mtu mmoja alisema. "Anaweza kuwa Shija wa babu yake."

Ndipo Mayu Holo akatoka kwenye kundi la wanawake. Hakututazama sisi. Alivuka zile hatua thelathini akaenda kusimama kando ya Bibi, jambo lililotosha naye kutengwa, akasema, "Si wa babu yake. Kulwa na Doto niliwaosha mimi, kwa mikono hii. Doto alikuwa na alama hapa begani. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa mtasema tumegawana ardhi."

Mzee Jilala alifumba macho. Kisha akasema, "Andika. Makaburi mawili, ya watoto." Akaenda mbele ya Bibi, akavua kofia, akamsalimia, "Mwadila, mayu." "Mwadila, baba," Bibi akajibu, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja. Ngitili ikapimwa nzima. Barabara ya geti ilipokuja kuchorwa ilipinda kidogo upande wa mashariki, na wapiga picha wa leo hawajui kwa nini.

Jioni ile, jua bado lipo, Bibi alikuwa akipepeta mtama na uso umetulia.

"Holo ameona haya," alisema. "Ni vizuri. Lakini aliyenichoma ni yeye, hilo sitalisahau."

"Bibi, si yeye," nilisema. "Ni mimi. Nilikufuata. Nilimwambia Mzee Jilala kisimani."

Ungo ulisimama. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja, "Miezi yote hii ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akauweka ungo chini, akanawa mikono, akaniambia nivae kanga twende.

Kwa Mayu Holo alinifanya niseme tena, nimesimama, mbele yao wote wawili. Nikasema. Mayu Holo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Bibi.

"Kumbe ulininunia kwa kosa ambalo si langu," alisema. "Langu lilikuwa lile la kunyamaza. Mtoto alisema alichokiona. Mimi nilijua na sikusema."

"Nisamehe," Bibi alisema.

"Nisamehe wewe."

Wakakaa. Waliletewa mboga wakachambua bila kuongea, na mimi nikakaa karibu na mlango sijui niweke wapi mikono.

Giza lilipokaribia tulianza kurudi. Nilijiweka nyuma yake kama siku zote, maana kwetu mtoto hufuata mkubwa wake njiani. Bibi alisimama. Akasogea pembeni ya njia akanionyesha kwa mkono nipite.

"Tangulia," alisema.

Sitaki mtu afikirie alininyima upendo. Alinisuka nywele kesho yake. Aliuza ng'ombe ili niende sekondari, alinifungia karanga kila nilipoondoka, na mwishoni, alipokuwa hawezi kuinuka, alitaka nimnyweshe uji mimi na si mwingine. Tuliishi vizuri miaka yote iliyobaki. Tulikwenda pamoja shambani, kanisani, mnadani, na kule ngitili kwa baba zangu wakubwa pia, mara nyingi. Lakini tangu jioni ile mpaka anafariki, hakuna hata siku moja aliyoniacha nitembee nyuma yake.